Gitaa la Besi Likishika Usukani

Watu wengi waliowahi kucheza “Sina Makosa” ya Les Wanyika kwenye harusi za Bomet na Kericho wanaweza kuuimba wimbo huo mwanzo hadi mwisho. Wanaoweza kumtaja mpiga besi wake ni wachache. Ni Tom Malanga. Mwaka 1978 alikuwa mmoja wa wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, wakaunda Les Wanyika jijini Nairobi. Mpiga drams Rashid Juma na mpiga ridhimu Omar Shabani walikuwa katika msafara huohuo. Sauti za waimbaji ndizo zinazokumbukwa na gitaa la solo ndilo linalosifiwa, ila miguu ya wachezaji inafuata besi. Malanga hajazi kila nafasi. Anaangusha noti mbili tatu nzito, ananyamaza, kisha anarudi pale hasa ambapo mwili ulikuwa ukimngoja.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa mkazi wa Siongiroi, huko Bomet, anayetaka kuonja albamu ya mpiga besi aliyejitokeza mbele mwenyewe. Albamu za namna hiyo huwashinda wengi, na sababu kubwa ni mazoea. Katika bendi za rumba na benga zilizolea masikio ya Afrika Mashariki, besi ipo katika kila wimbo lakini haipewi zamu ya kuzungumza. Santuri ndogo za Kenya za miaka ya 1970 mara nyingi ziligawa wimbo sehemu mbili: upande wa kwanza waimbaji walitoa kisa, upande wa pili magitaa yakaachiwa uwanja, na hata huko aliyeng'ara alikuwa mpiga solo. Kericho yenyewe ilikuwa na studio na duka la Chandarana, lililowarekodi wanamuziki wengi wa eneo hili na wa upande wa Nyanza. Msikilizaji aliyekuzwa na muziki huo akiweka albamu ya mpiga besi, hukaa akimngoja mwimbaji. Mwimbaji haji. Dakika ya pili anarudi Chamgei FM.

Dawa yake ni kuchagua albamu moja na kukaa nayo mwezi mzima, bila kurukia nyingine.

Inayofaa kuliko zote kwa kazi hiyo ni ile ya Mmarekani Jaco Pastorius, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na jina lake tu juu ya jalada. Ina nyimbo 9 na haifiki dakika 45. Imependekezwa hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna wimbo ndani yake unaofanana na mwingine, hivyo msikilizaji asiyepata mlango katika wa kwanza ataupata katika wa tatu au wa saba. Ya pili inahusu Afrika: albamu hii ndiyo iliyomfanya kijana mmoja wa Kameruni aache gitaa la kawaida na kushika besi. Habari za kijana huyo zitakuja.

Jaco alizaliwa tarehe 1 Desemba 1951 huko Norristown, Pennsylvania, akakulia Fort Lauderdale, Florida, karibu na bahari na karibu na muziki wa Kuba na visiwa vya Karibi. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga drams, naye mtoto akaanza na drams hizohizo mpaka alipoumia kifundo cha mkono akicheza mpira wa Kimarekani. Mkono ukashindwa kupiga drams kwa nguvu aliyoitaka. Akahamia besi. Msikilizaji akilijua hilo ataelewa kwa nini vidole vya mtu huyu vinagonga nyuzi kama vijiti vinavyogonga ngozi. Alikufa mwaka 1987 akiwa na miaka 35, baada ya kupigwa nje ya klabu moja huko Florida.

Pengine mtu atauliza, muziki huu wa mbali unamhusu nini mkulima wa majani chai au mfugaji wa Chepalungu? Wakipsigis walikwisha kulijibu swali hilo zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo zilizoitwa “Chemirocha”. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi ya Kipsigis kwa gramafoni. Watu waliisikia sauti yake, wakaitia katika nyimbo zao, na katika wimbo mmoja wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Chini ya sauti zao chepkong, kinubi cha Wakipsigis, ilikuwa ikirudia mstari uleule bila kuchoka. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kuzirudisha rekodi hizo kwa wenyewe. Nchi iliyompokea Rodgers bila kujua neno moja la Kiingereza chake haina sababu ya kumwogopa Pastorius, ambaye karibu hana maneno kabisa.

Kabla ya kubonyeza chochote, yapo mambo ya vifaa, na haya yanaharibu albamu ya besi kuliko aina nyingine yoyote ya muziki.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Ule mnene kuliko wote ukipigwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Unaofuata ni mara 55, kisha takriban 73, na mwembamba ni 98. Spika ya simu ya mkononi haiwezi kuzitoa sauti hizo kwa nguvu. Huanza kulegea mapema, kwenye mitetemo mia kadhaa kwa sekunde, na chini ya hapo karibu hakuna kitu. Mtu husikia wimbo hata hivyo kwa sababu ubongo hukisia noti ya chini kutokana na milio ya juu yake. Anachokisikia ni kisio. Aliyeisikia albamu hii kwa spika ya simu mezani, kisha akasema haina ladha, hajaisikia bado.

Hedifoni ni suluhisho la bei nafuu. Hata za kuingiza masikioni zinatosha, mradi zizibe tundu la sikio sawasawa. Zikikaa zikicheza, hewa hupita na besi hupotea yote. Pakiti nyingi huja na mipira midogo ya ukubwa tofauti, na watu wengi huitupa pamoja na boksi. Afadhali kuijaribu yote. Mpira unaofaa hujulikana papo hapo: besi huongezeka bila kugusa kitufe cha sauti.

Wufa ya nyumbani ina ugonjwa wa upande wa pili. Nyingi zinazouzwa madukani zimetengenezwa ili zitetemeshe, na noti zote za chini hutoka kama mngurumo mmoja. Kwa muziki wa kuchezea sherehe hilo halina ubaya. Kwa Pastorius ni hasara, kwa kuwa kila noti yake ina jina na mahali. Kitufe cha besi kishushwe hadi katikati au chini kidogo ya katikati, na vile vitufe vya kuongeza mshindo vizimwe. Halafu wufa iondolewe kwenye pembe ya chumba. Wimbi la sauti la uzi ule mnene lina urefu wa zaidi ya mita 8, ilhali sebule nyingi hazifiki nusu ya hapo. Sauti kama hiyo hurundikana kwenye pembe na kuzifanya noti fulani ziwe kubwa kupita wenzake. Kuisogeza wufa nusu mita tu kutoka ukutani kunaweza kubadilisha kila kitu. Vikombe vinavyolia kabatini vipangwe upya au vitolewe. Msikilizaji akikaa kitako akasikia kioo cha kabati kinaimba pamoja na Jaco, ajue noti hiyo imezidi.

Kuna jambo jingine la sikio lenyewe. Sauti ikipunguzwa sana, besi ndiyo inayotangulia kufifia masikioni, hata kama kifaa ni kizuri. Usiku watoto wamelala, hedifoni ni bora kuliko wufa iliyonong'onezwa. Mchana nako kuna mabati. Mvua ya alasiri ya Bomet ikianguka juu ya paa lisilo na dari haimwachii mtu nafasi ya kusikia nyuzi. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya maziwa kupelekwa, au jioni spika za sentani zikishatulia.

Kuhusu bando: albamu hii nzima ikichezwa kwa ubora wa chini wa kilobiti 96 kwa sekunde hula kama megabaiti 30, na kwa ubora wa kilobiti 320 hula kama 100. Inafaa kulipa tofauti hiyo mara moja, kuipakua kwa njia halali, na kuisikiliza bila mtandao mwezi mzima. Kinachoumia kwa ubora wa chini si uzito wa besi. Ni mkwaruzo wa vidole juu ya waya, mlio wa ngozi ya tumba, pumzi ndogo kati ya noti na noti. Na albamu ya mpiga besi imejaa vitu hivyo.

Sasa muziki wenyewe. Wimbo wa kwanza, “Donna Lee”, umewafukuza wasikilizaji wengi kuliko mwingine wowote. Ni tyuni ya jazz ambayo Charlie Parker aliirekodi kwa saksafoni mwaka 1947, yenye noti nyingi zinazokimbizana. Pastorius aliichukua tyuni hiyo yote, akaipiga kwa besi, na hakutaka piano wala gitaa limsaidie. Yupo yeye na Don Alias kwenye tumba, basi. Anayeanza asiuanze kwa kutafuta utamu. Aitafute kwanza rekodi ya Parker, aisikilize mara mbili, mpaka umbo la tyuni likae kichwani. Kisha arudi kwa Jaco na kwa mara ya kwanza asimfuate Jaco kabisa, amfuate Alias. Mkono wa tumba unakwenda kama mtu anayejua njia, na ukishaushika huo, besi inajifungua yenyewe juu yake. Watu waliokulia ngoma hupata mlango hapa upesi kuliko wanafunzi wa piano.

Asiyeupata asikae hapo kujitesa. Wimbo wa pili, “Come On, Come Over”, una waimbaji, Sam & Dave, wanaume wawili waliotamba katika muziki wa soul wa miaka ya 1960, na unachezeka. Unafaa kwa jambo moja mahususi: kumsikia mpiga besi huyohuyo akirudi nyuma na kufanya kazi ya kawaida ya besi, akiwa na nguvu zilezile lakini bila kuwaziba waimbaji. Ndipo mtu anapotambua kwamba kasi ya “Donna Lee” haikuwa majigambo ya mtu asiyejua kushika mahadhi.

“Continuum”, wa tatu, unastahili jioni nzima. Shingo ya gitaa la besi kwa kawaida ina vipande vyembamba vya chuma vinavyoikatiza, ambavyo wapigaji huviita freti. Kila freti huamua noti, kidole kikibonyeza popote kati ya freti mbili sauti hutoka ileile. Besi ya Jaco, Fender Jazz Bass ya mwaka 1962, haikuwa nazo. Zilikuwa zimeng'olewa, mianya ikajazwa, na mbao ikapakwa gundi ngumu inayotumika kwenye mashua ili waya zisiile. Bila freti, kidole kinaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine na kupita katika kila sauti iliyo katikati, sawa na koo la mtu. Katika “Continuum” msikilizaji aziangalie noti ndefu. Hakuna inayosimama wima. Kila moja inafika ikiwa chini kidogo au juu kidogo, inajirekebisha, inatetemeka, halafu inaondoka. Besi hiyo pia imerekodiwa mara mbili, moja juu ya nyingine, ndiyo maana inasikika pana kiasi hicho.

Zoezi zuri kwa wimbo huu ni kuuimba. Sio kuupigia filimbi. Kuuimba kwa mdomo uliofungwa, polepole, pamoja na rekodi. Mtu asiye na elimu yoyote ya muziki akiweza kuufuata mstari wa mwanzo kwa koo lake, atakuwa ameelewa kazi ya Pastorius kuliko aliyesoma kurasa kumi juu yake.

“Portrait of Tracy” ni wa tano, haufiki dakika 3, na ndio wimbo ambao wapiga besi duniani wameuzungumzia bila kukoma. Hakuna ala nyingine. Milio yake inafanana na kengele ndogo, na wengi hudhani ni kinanda. Siri yake anaweza kuijaribu mtu yeyote mwenye gitaa, hata lile la kopo ambalo watoto hulifunga waya. Uzi wa besi ya kawaida una urefu wa sentimita 86 hivi. Kidole kikiugusa katikati, kwenye sentimita 43, kiuguse tu bila kuubonyeza, na mkono mwingine ukaupiga na kidole kikaondoka hapohapo, unatoka mlio safi wa juu, oktava moja juu ya uzi wazi. Ukiguswa kwenye theluthi unatoka mwingine, kwenye robo mwingine. Milio hiyo inaitwa harmoniki na ilijulikana tangu kale na wapigaji wa ala za nyuzi. Jaco alifanya ambacho hakikuwa kimezoeleka kwenye besi: aliipanga hadi ikawa wimbo kamili, wenye noti nzito chini na kengele juu, kwa mikono miwili tu. Tracy lilikuwa jina la mkewe. Inafaa kuusikiliza wimbo huu mara moja ukiwa na chombo cha nyuzi mkononi, chochote kile, ukiugusa uzi katikati. Baada ya hapo hautasikika tena kama mazingaombwe, na utapendeza zaidi.

Wa saba unaitwa “Okonkolé y Trompa”. Neno la kwanza linatokana na jina la ngoma ndogo katika familia ya ngoma za batá, zilizosafiri na Wayoruba waliopelekwa Kuba utumwani. Besi hapa ndiyo ngoma. Inarudia mdundo mmoja wa harmoniki kutoka mwanzo, haipandi wala haishuki, na pembe la shaba la okestra, likipulizwa na Peter Gordon, linapita juu yake kwa noti ndefu. Msikilizaji wa kawaida wa Ulaya anaweza kuuona wimbo huu mgumu. Aliyezoea chepkong hawezi. Mpango ni uleule: mkono unaorudia chini, sauti inayotangatanga juu. Mwalimu wa muziki wa shule yoyote ya eneo hili angefanya jambo jema kuwachezea wanafunzi “Chemirocha” ya Kapkatet na kuufuatisha wimbo huu, kisha kuwaacha watoto waseme wenyewe wameona nini.

Nyimbo ndefu zenye piano ya Herbie Hancock zinaweza kungoja wiki ya tatu au ya nne. Si dhaifu, ila zina watu wengi ndani, na sikio changa hupotea. Wa mwisho, “Forgotten Love”, una piano na fidla, na besi ya Jaco haisikiki kabisa. Mtu aliyeitengeneza albamu ili aonyeshe besi inaweza kufanya nini akaifunga kwa kuiweka besi chini: hilo peke yake linatosha kumjibu anayesema wapigaji wa aina hii wanajali vidole vyao tu.

Yule kijana wa Kameruni ni Richard Bona. Alizaliwa Minta mwaka 1967. Gitaa lake la mwanzo alijitengenezea, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli. Karibu mwaka 1980, mjini Douala, mwenye klabu mmoja alimtaka aunde bendi ya jazz na kumfungulia mkusanyiko wake wa santuri zipatazo 500. Miongoni mwao ilikuwemo albamu ya Jaco Pastorius. Baada ya kuisikia, Bona alihamia besi. Alipitia Ujerumani na Ufaransa, akafika New York mwaka 1995, na mwaka 1999 akatoa albamu yake ya kwanza, Scenes from My Life.

Albamu hiyo ndiyo ya mwezi wa pili. Bona anaimba kwa Kiduala, lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na anaimba kwa sauti nyembamba ya juu iliyo mbali kabisa na besi anayoipiga. Aliyetoka kwa Pastorius atashangaa jinsi anavyojizuia. Kuna dakika nzima ambazo besi yake inafanya kidogo sana, na huo ndio uamuzi wa kuusikiliza: kwa nini mtu mwenye vidole vya namna hiyo amechagua noti nne? Mara nyingine koo na besi vinapita njia moja, noti kwa noti. Inasaidia kusikiliza wimbo mmoja mara mbili mfululizo, kwanza ukiifuata sauti ya mdomo, kisha ukiifuata ya nyuzi, kwa sababu anayesikiliza kwa pupa husikia moja tu kati ya hizo.

Msikilizaji anayeona hata Bona ni mbali ana daraja fupi zaidi. “You Can Call Me Al” ya Paul Simon, kutoka albamu Graceland ya mwaka 1986, imechezwa redioni Kenya miaka nenda miaka rudi. Ule mfyatuko wa besi unaochomoza peke yake kuelekea mwisho wa wimbo ni wa Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, naye pia alitumia besi isiyo na freti. Nusu yake ya pili ni ile nusu ya kwanza iliyogeuzwa studioni ikachezwa kinyumenyume. Ni sekunde chache tu. Zinaweza kurudiwa mara ishirini bila kuchosha, na ni kipimo kizuri cha hedifoni mpya dukani kabla ya kutoa pesa.

Wapo wasomaji ambao hawatataka kuishia kusikiliza. Bendi za makanisa za Bomet zina vijana hodari wa besi, wengi wakijifunza kwa kutazama na kusikia, na albamu hizi zitawawasha mikono. Wasianze na “Donna Lee”. Wachukue sekunde 15 za mwanzo za “Continuum”, wazipunguze kasi kwa programu ya simu hadi nusu, na wazipate noti kwa sikio, moja moja, kabla ya kutafuta video ya anayeelekeza. Video huonyesha kidole kinakwenda wapi. Sikio pekee ndilo linalojua kwa nini. Na kwa besi ya kanisa, freti zisiguswe. Kuzing'oa ni kazi ya fundi, shingo ikiharibika gharama ni ya ushirika wote, na besi isiyo na freti mikononi mwa asiyeizoea hutoka nje ya sauti kila noti, Jumapili nzima, mbele ya kwaya. Anayeitaka kweli anunue shingo ya pili au besi ya mtumba iliyo yake.

Jambo moja zaidi kwa hao wapigaji: baada ya wiki mbili za Pastorius, mkono hutaka kujaza kila pengo katika kila pambio. Kiongozi wa kwaya atalalamika na atakuwa na haki. Jaco mwenyewe, kwenye “Come On, Come Over”, anawaachia Sam & Dave nafasi zao zote. Sehemu hiyo inafaa kuigwa kabla ya nyingine yoyote.

Kwa anayetaka kuendelea baada ya miezi hiyo miwili, hatua inayofuata ni Heavy Weather ya bendi ya Weather Report, ya mwaka 1977. Humo Jaco ni mmoja kati ya watu watano, na katika “Teen Town” anapiga besi na drams zote mbili, kifundo kile cha mkono kikiwa kimepona. A Show of Hands ya Victor Wooten, ya mwaka 1996, ingojee kidogo. Ni besi tupu na sauti za watu, bila drams, bila kinanda, bila ala nyingine yoyote iliyoongezwa baadaye. Nyimbo zake nyingi ni fupi na zinakwenda kwa kasi, hivyo zisisikilizwe mfululizo. Mbili kwa siku zinatosha, kwa hedifoni zilizoziba masikio vizuri, na sauti isiwe juu, kwa maana gumba la Wooten likigonga uzi linagonga kweli.